Jaribio, dodoso, ushuhudiaji au usaili: kuchagua mbinu ya utafiti wa saikolojia kabla ya kuandika pendekezo

Wiki chache kabla ya tarehe ya kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, wanafunzi wa saikolojia wa hapa Dar es Salaam huanza kuulizana swali moja: wewe unatumia mbinu gani? Jibu linalosikika mara nyingi ni dodoso, na ukiuliza kwa nini dodoso, utaambiwa kwamba ndilo rahisi, au kwamba kaka fulani alilitumia mwaka jana na akapita. Si kosa kutafuta wepesi, hasa kwa mtu anayesoma huku akifanya kazi na kukaa kwenye foleni saa tatu kwa siku. Hata hivyo, mbinu ikitangulia swali, mtafiti hujikuta na rundo la majibu ya swali ambalo hakuliuliza, na msimamizi ndiye anayeliona hilo wa kwanza.

Makala hii inalinganisha mbinu nne zinazotumiwa zaidi na wanaoanza: jaribio, dodoso (orodha ya maswali ya kujazwa), ushuhudiaji (kuangalia na kuandika) na usaili (mahojiano). Ili ulinganisho uwe wa haki, zote nne zitapewa mada moja ya kushughulikia, nayo ni hii: je, simu ikiwa karibu na mwanafunzi anaposoma, humpunguzia umakini? Nimeichagua kwa sababu kila msomaji ana simu na ana maoni yake tayari, na maoni ya awali ndiyo adui ambaye mbinu za kisayansi zilibuniwa kupambana naye.

Vigezo vya kulinganishia

Kila mbinu nitaipima kwa mambo manne: aina ya jibu inayotoa, kitu kinachoweza kumdanganya mtafiti anapoitumia, gharama yake kwa muda, watu na nauli, na ruhusa pamoja na maadili yanayoambatana nayo. Baada ya hapo nitaeleza inamfaa nani.

Kuna sharti moja linalotangulia vigezo vyote hivyo. Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu alichokitoa mwaka 1934, alishikilia kwamba dai haliwi la kisayansi mpaka liwe linaweza kukanushwa, yaani mpaka mwenye dai aweze kutaja mapema matokeo ambayo yakitokea atakubali kwamba amekosea. Anayesema "simu huathiri wanafunzi kwa namna mbalimbali" hawezi kukosea kamwe, kwa hiyo hajasema kitu cha kuchunguza. Anayesema "wanafunzi ambao simu zao ziko mezani watakumbuka tarakimu chache kuliko wale ambao simu zao ziko nje ya chumba" amejiweka hatarini, na hiyo ndiyo nadharia tete inayostahili jina hilo.

Mfano unaolifafanua jambo hili vizuri kuliko wowote ninaoujua ni wa farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, bwana mmoja aliyeitwa Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyejulikana kwa jina la Hans, ambaye alijibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato chini mara kadhaa kulingana na jibu. Watu wazima, wenye elimu zao, walimwangalia na kuridhika. Oskar Pfungst, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1907, alitafuta hali ambazo zingemfanya farasi ashindwe: muulizaji asiyejua jibu, au muulizaji ambaye farasi hawezi kumwona. Katika hali hizo Hans alikosea, kwa sababu muda wote alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anayafanya. Hakukuwa na ulaghai wowote. Hilo ndilo linalotakiwa kumtia hofu mtafiti mwaminifu.

Jaribio

Kati ya mbinu hizi nne, jaribio ndilo linalompa mtafiti haki kubwa zaidi ya kusema kwamba jambo hili limesababisha lile. Mtafiti hubadilisha kitu kimoja kwa makusudi, ambacho ndicho kigeu huru, hupima kitu kingine kinachotarajiwa kubadilika, ambacho ni kigeu tegemezi, na huwagawa washiriki katika makundi kwa bahati nasibu ili tofauti zao nyingine zisambae pande zote mbili.

Kwa mada yetu, tuseme una wanafunzi 60. Unakunja vikaratasi 60, nusu vimeandikwa "mezani" na nusu "nje", unavitia kwenye bakuli na kila mmoja anachota chake. Wa "mezani" anaiweka simu mbele yake ikiwa imefunikwa kifudifudi. Wa "nje" anaiacha kwa msaidizi mlangoni. Kisha kila mmoja anasomewa tarakimu na kuzirudia kinyumenyume: akisikia saba, mbili, tisa, nne, anajibu nne, tisa, mbili, saba. Mfululizo unaongezwa urefu hadi ashindwe. Kazi nzima haimchukui mshiriki zaidi ya robo saa.

Kinachodanganya hapa mara nyingi ni kitu kidogo kilichoingia bila kualikwa. Ukiwapima wa "mezani" wote saa nne asubuhi na wa "nje" wote saa nane mchana, mwezi wa Februari, katika chumba ambacho feni zimesimama kwa kuwa umeme umekatika, basi umepima joto la Dar es Salaam, na vikaratasi vyako havitakuokoa. Makundi lazima yachanganywe ndani ya saa zilezile na chumba kilekile. Hatari ya pili ni ile ya farasi Hans: ukijua mshiriki yumo kundi gani, unaweza kumsomea tarakimu taratibu zaidi bila kukusudia, kwa hiyo ni busara tarakimu zisomwe kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa, na alama zihesabiwe na rafiki asiyejua nani ni nani.

Hatari ya tatu ni uchache wa washiriki. Ikiwa tofauti unayoitafuta ni ya ukubwa wa kati kwa vipimo vya wanatakwimu, unahitaji watu wapatao 64 kwa kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona, ukitumia kiwango cha kawaida cha asilimia 5, yaani nafasi ya kuona tofauti isiyokuwapo. Ikiwa tofauti ni ndogo, idadi hupanda hadi karibu 400 kwa kila kundi. Wanafunzi 60 niliowataja hapo juu, kwa hiyo, ni wachache, na ni heri kulisema hilo kwenye pendekezo kuliko kulisubiri liulizwe siku ya utetezi. Njia moja ya kupunguza mzigo huu ni kumpima mtu yuleyule katika hali zote mbili, kwa sharti kwamba nusu ya washiriki waanze na "mezani" na nusu waanze na "nje", maana mara ya pili mtu huwa ameshaizoea kazi.

Msomaji asidhani kwamba jaribio likishachapishwa ng'ambo limemaliza neno. Jaribio linalofanana sana na hili lilichapishwa mwaka 2017 na watafiti wakiongozwa na Adrian Ward, likionyesha kwamba simu kuwapo karibu, hata bila kuguswa, hupunguza uwezo wa kufikiri. Waliolirudia baadaye wamepata matokeo yanayopishana. Mwaka 2015 mradi mkubwa wa ushirikiano ulichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia: tafiti 97 kati ya zile za awali zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kirahisi kwa bahati tu, na ziliporudiwa ni takribani asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo ya namna hiyo. Isitoshe, majaribio mengi ya vitabuni yalifanywa kwa wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso, nchini Kamerun, na wenzao wa Ujerumani, ule mtihani wa kusubiri kitamu cha pili bila kula cha kwanza. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri hadi mwisho, huku wa Ujerumani wakiwa chini ya asilimia 30. Kwa mwanafunzi wa Tanzania hili ni jambo la kufurahisha, kwa kuwa linampa sababu halali kabisa ya kurudia hapa jaribio lililofanywa kwingine, na wala hapaswi kuambiwa kwamba hana jipya.

Kwa gharama, jaribio hudai chumba kimya, wasaidizi wawili na maandalizi marefu, lakini data hukusanywa kwa siku chache na uchambuzi wake ni mfupi: wastani wa kundi hili, wastani wa kundi lile, na kipimo cha t, yaani hesabu ya kuona kama tofauti ya wastani hizo mbili inaweza kuwa ya bahati tu. Kwa maadili, ni mbinu inayogusa hali ya mtu moja kwa moja, hivyo ridhaa lazima iwe ya kweli. Mwanasaikolojia Stanley Milgram, katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1961, aliwafanya washiriki waamini kwamba wanampiga mtu umeme, na 26 kati ya 40 wa toleo linalojulikana zaidi walifika hadi volti 450; mjadala uliofuata ni mojawapo ya sababu za kuwapo kwa kamati za maadili za leo. Hata kumnyang'anya mtu simu kwa robo saa si jambo dogo kwa mama aliyemwacha mtoto mgonjwa Mbagala, na mtu kama huyo lazima awe huru kuondoka bila kuulizwa.

Jaribio linamfaa mwenye swali la sababu, lililo finyu, linaloweza kuingia ndani ya chumba. Halimfai anayetaka kujua maisha ya simu yalivyo nje ya chumba hicho.

Dodoso

Dodoso hujibu maswali ya ukubwa na uhusiano: wangapi, kiasi gani, na je, wenye hiki huwa pia na kile? Ukiwauliza wanafunzi 300 hutumia simu saa ngapi kwa siku na wastani wao wa alama ni upi, unaweza kupata kwamba vitu hivyo viwili hupanda na kushuka pamoja. Kwa nini, dodoso halikwambii. Mchukue mwanafunzi anayetoka Kigamboni au Gongo la Mboto kila alfajiri: ana saa nyingi za simu kwa sababu yuko kwenye daladala, na ana alama za chini, pengine, kwa sababu anafika amechoka na kuondoka kabla ya vikundi vya kujisomea kuanza. Umbali wa nyumbani umezalisha vyote viwili, nayo simu inabebeshwa lawama. Ukiliweka swali la umbali ndani ya dodoso unaweza kulizingatia katika uchambuzi. Ukilisahau, hakuna kompyuta itakayokukumbusha.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu dodoso ndilo lililoniangusha mwenyewe. Nikiwa mwaka wa tatu niligawa madodoso 120, kurasa tatu kila moja, kwenye hosteli za chuo nilichosoma, na kumwachia mwakilishi mmoja wa jengo ayakusanye. Yalirudi 112, na nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu, nilipoanza kuyaingiza kwenye kompyuta, niliona kwamba madodoso 19 yaliyofuatana yalikuwa na vema za wino uleule wa kijani, zote kwenye safu ya katikati, kuanzia "sikubali wala sikatai" ya swali la kwanza hadi ya mwisho, na mkia wa kila vema ulipinda kushoto kwa namna moja. Mtu mmoja alikaa kitandani akanisaidia. Mwakilishi alikuwa amenionea huruma, na mimi nilikuwa nimeunda dodoso ambalo mtu angeweza kulijaza bila kulisoma. Tangu hapo huweka angalau maswali mawili yaliyogeuzwa, ambayo anayekubali moja hawezi kwa akili timamu kulikubali lingine, na hukusanya karatasi mwenyewe.

Kipimo kile cha kukubali na kukataa kwa ngazi tano kinatokana na Rensis Likert, mwaka 1932, na kimeenea kuliko kinavyoeleweka. Swali moja lisibebe mawili: "simu hunipotezea muda na kunichosha" haliwezi kujibiwa na mtu anayepoteza muda bila kuchoka. Lugha nayo ni mtego. Anayetafsiri dodoso la afya ya akili atakuta kwamba "sonona" ni neno la kitabuni kwa wengi, "msongo wa mawazo" hutumiwa kwa kila kitu kuanzia ada hadi mapenzi, na "kuwaza sana" ndivyo watu wanavyosema mtaani. Kwa hiyo tafsiri hupelekwa kwa mtu wa pili aitafsiri kurudi lugha ya awali, kisha hujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe.

Kuhusu sampuli, mapendekezo mengi ya wanafunzi wetu hunukuu fomula ya Yamane, ya kukokotoa watu wangapi wachaguliwe, ambayo kwa watu 1,000 na ukingo wa kosa (kiasi ambacho jibu linaweza kupotoka) wa asilimia 5 hutoa 286, na kwa watu 40,000 hutoa 396. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu watu walipochaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Ukiwapa dodoso marafiki wa hosteli na wanakikundi wa WhatsApp, nambari 396 inabaki pambo. Gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kabla ya uchaguzi wa rais wa mwaka 1936, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likamtabiria ushindi mgombea Landon. Mpinzani wake, Roosevelt, akashinda kwa kishindo. Waliotumiwa walitoka kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na magari, nao waliojibu hawakufanana na wasiojibu.

Jambo jingine linaihusu mada yetu moja kwa moja: watu hawajui wanatumia simu kiasi gani. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba muda ambao watu husema wanautumia na muda uliorekodiwa na vifaa vyenyewe vina uhusiano wa wastani tu. Afadhali umwombe mshiriki afungue sehemu ya simu inayoonyesha muda wa matumizi, akunakilie.

Gharama ya dodoso ni nafuu kwa kila mtu mmoja, na hilo ndilo linalolipa sifa zake. Ruhusa ni ndefu kuliko wengi wanavyotarajia. Ukienda shuleni, kwa kawaida barua ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kisha halmashauri, ndipo umfikie mkuu wa shule, na wanafunzi walio chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya wazazi juu ya kukubali kwao wenyewe. Majina na nambari za simu za watu visikusanywe bila sababu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na karatasi zilizosahauliwa kwenye kiti cha mwendokasi ni taarifa za watu.

Dodoso linamfaa mwenye swali la kiasi, mwenye orodha ya kuchagulia watu, na mwenye subira ya kulijaribisha.

Ushuhudiaji

Hapa mtafiti haulizi. Anaangalia na kuandika. Jibu analopata ni la kile watu wanachofanya, ambalo mara nyingi hutofautiana na wanachosema wanafanya. Kaa maktabani saa kumi jioni, chagua meza sita, na kila baada ya dakika tano andika ni nani anashika simu. Baada ya wiki mbili utakuwa na picha ambayo hakuna dodoso litakupa.

Ugumu utaanza dakika ya kwanza. Msichana wa meza ya pili ameinamia simu. Je, anacheza? Ukisogea unaona kwamba anasoma noti za somo, kwa kuwa hana kompyuta na mhadhiri amezituma kwenye kikundi. Wa pembeni yake anatumia simu kama kikokotoo. Wa tatu ameiwasha, ameangalia saa, ameizima. Kabla ya kuhesabu chochote, ni lazima uandike ufafanuzi unaoweza kufuatwa na mtu mwingine: nini kinahesabiwa kuwa kukatisha kusoma na nini hakihesabiwi. Kisha watu wawili waangalie meza zilezile bila kusemezana, na rekodi zao zilinganishwe. Zikipishana sana, ufafanuzi ndio mbovu.

Udanganyifu wa pili ni kwamba anayeangaliwa hubadilika. Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, na baadaye kambi iliwawekea ndizi ili waonekane kwa karibu; wakosoaji walihoji ni kiasi gani cha ugomvi ulioandikwa kilitokana na ndizi hizo. Kwa upande wa binadamu, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea kwa miezi familia 26 za Waganda, karibu na Kampala, katikati ya miaka ya 1950, akiangalia namna watoto wachanga wanavyowategemea mama zao. Kazi yake juu ya mahusiano ya mtoto na mlezi, inayofundishwa leo kila mahali, ilianzia kwenye nyumba za familia za Afrika Mashariki kabla ya kufika maabara ya Baltimore. Uvumilivu wa ziara nyingi ndio uliowafanya wenyeji wamzoee.

Gharama yake ni muda wako mwenyewe, karibu wote. Kimaadili, kuangalia watu mahali pa wazi bila kuwatambulisha kunaruhusiwa mara nyingi. Kuwapiga picha au kusoma skrini zao ni jambo jingine kabisa. Mbinu hii inamfaa mwenye jicho tulivu, na pia anayewachunguza wasioweza kujaza dodoso, hasa watoto wadogo.

Usaili

Usaili hujibu maswali ya maana: mtu mwenyewe analielewaje jambo hili? Katika mada yetu, usaili ndio unaoweza kuibua kitu ambacho mtafiti hakukiwaza. Mwanafunzi anayeuza nguo za mitumba kupitia picha anazoweka WhatsApp haoni simu kama kikwazo cha kusoma. Ndiyo inayomlipia chumba, na kimya chake kinamtia wasiwasi kuliko mlio wake. Mwingine anasubiri muamala kutoka kwa shangazi. Baada ya kuyasikia hayo unaweza kurudi kwenye jaribio ukiwa na swali bora: je, simu ya anayetarajia ujumbe wa pesa humvuruga kuliko ya asiyetarajia kitu?

Kinachodanganya hapa ni adabu. Mazungumzo ya Kiswahili hayaanzi bila watu kupangana kwanza kwa umri. Ukimwambia mtu "shikamoo", akakuitikia "marahaba", tayari mmeshakubaliana nani ni mkubwa, na mkubwa hatapenda kumkiri udhaifu mdogo wake, wala mdogo hatambishia mkubwa. Mwanafunzi anayemsaili mama lishe wa umri wa mama yake atasikia nasaha nyingi na habari chache, asipoomba visa mahususi: "Mama, hebu nisimulie jana ilivyokuwa, tangu ulipofungua." Maswali yanayodokeza jibu nayo huharibu. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana. Waliosikia kitenzi kikali katika swali walikadiria mwendo wa wastani wa maili 40.5 kwa saa, na waliosikia kitenzi cha upole zaidi walikadiria 31.8. Filamu zilikuwa zilezile.

Watu wachache hutosha, na hili huwashangaza waliozoea Yamane. Utafiti wa mwaka 2006 uliochambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria ulikuta kwamba mambo mapya yalikaribia kuisha baada ya mahojiano 12. Hapo walisailiwa watu wanaofanana kwa mada finyu, basi 12 isigeuzwe kuwa sheria. Gharama iko kwenye kunakili: saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi za kuandika, na waliosailiwa kwenye kelele za Kariakoo watakupa sauti ya honi na jibu nusu. Kimaadili, usaili hufukua. Mtu anaweza kulia. Jua kabla hujaanza utampeleka kwa nani.

Unamfaa anayeingia eneo lisilochunguzwa sana, na anayejua kunyamaza.

Kuchanganya mbinu hupendekezwa sana siku hizi, na kwa kazi ya uzamili au timu ni jambo zuri. Kwa mtu mmoja wa shahada ya kwanza mwenye miezi minne, mara nyingi huzaa nusu mbili zisizokomaa.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa swali lako lina neno "husababisha", au "huongeza", au "hupunguza", na unaweza kubadilisha kitu hicho bila kumdhuru mtu, tafuta chumba na ufanye jaribio. Ikiwa kitu chenyewe hakibadilishiki, kama umbali wa nyumbani au kufiwa na mzazi, chukua dodoso, kisha uandike hitimisho kwa lugha ya uhusiano, ukijizuia kusema sababu hata pale jedwali litakapokushawishi.

Ikiwa huna orodha ya watu unaowachunguza, mfano madereva wa bodaboda wa vijiwe vya Manzese, usijifanye una sampuli nasibu. Usaili wa watu 12 hadi 15 waliochaguliwa kwa sababu zinazoelezeka utaheshimika kuliko madodoso 400 yaliyogawiwa kijiweni. Ikiwa watafitiwa ni watoto wa chekechea, angalia kabla ya kuuliza, na anza barua za ruhusa mapema, kabla hata ya kumaliza sura ya kwanza.

Ikiwa unafanya kazi mchana na kusoma jioni, ushuhudiaji utakushinda kwa muda, ila kama mahali pa kazi pako ndipo penye jambo unalolichunguza, na mwajiri pamoja na wenzako wameridhia kwa maandishi. Ikiwa takwimu hukutia homa, usikimbilie usaili kwa sababu hiyo peke yake; kurasa 200 za mahojiano zina homa yake, nayo huja usiku.

Na ikiwa swali bado halijakaa, nenda maktabani jioni moja na daftari tupu, ukae kwenye meza inayotazama mlango, uandike unachokiona kwa saa nzima bila kukitafsiri. Dodoso lisubiri; hata karatasi za kutolea kopi usinunue bado.